Klachi Isiyo ya Kwake

Sijauza pikipiki yangu, na siuzi. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili mdogo wangu, akianza kusoma, asipate tabu ya kwenda hadi mwisho kutafuta kama nimepata akili. Sijapata.

Mimi ni mwanamke wa umri ambao watoto wa jirani wameshaanza kuniita bibi bila kufundishwa na mtu. Nina shahada mbili za lugha, ambazo hazijawahi kunisaidia kuwasha kitu chochote, na ninaandika makala ambazo wasomaji wangu waaminifu ni wale waliofungiwa maandazi ndani yake. Kila Jumamosi asubuhi navaa suruali, juu yake najifunga khanga kwa heshima ya majirani, kichwani naweka helmeti inayonikaa kama chungu, na natoka Kilakala kwenda kwa mama yangu, milimani upande wa Matombo. Khanga naivua Bigwa. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale wameshazoea kunisubiri.

"Madamu! Leo tena unaenda kufundisha nyani?"

"Nyani walishafaulu. Nimebaki na nyinyi."

Basi wanacheka, nami naondoka nikijiona mjanja hadi Kiroka, ambako huanza kukumbuka kwamba kiuno kinaniuma.

Hadi Mkuyuni njia ina adabu zake. Mbele zaidi unaiacha barabara kubwa kuingia kwetu, na hapo adabu inaisha. Kuna mawe, mizizi ya miembe, na makorongo ambayo mvua huyachimba upya kila mwaka kana kwamba mwaka uliopita ilikosea mahali. Mwisho wa yote, chini tu ya nyumba ya mama, kuna mpando mmoja mfupi na mkali ambao vijana wa pikipiki wameupa jina la Shuka. Si jina la mtu wala la mti. Ni neno ambalo kila abiria aliyefika pale ameambiwa. Dereva anasimamisha, anaweka mguu chini, anasema "Shuka," na wewe unapanda kwa miguu huku yeye akitangulia na mzigo wako.

Mimi sikuwa abiria wa mtu. Nilikuwa napapanda Shuka nikiwa nimekaa, na nilijivunia jambo hilo kuliko shahada zote mbili.

Hapa inabidi nieleze habari za nyumbani, maana bila hizo mtu atashangaa mama mzima kupoteza usingizi kwa sababu ya klachi. Kwetu sisi Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Mdogo wangu ni mjomba wa wanangu. Amekuwa mjomba kwa muda mrefu hivi kwamba sauti ile ameizoea, na siku hizi anaitumia hata kwangu mimi niliyembeba mgongoni. Ana nyumba nzuri Kihonda, kwenye tambarare, na ndani yake amejenga chumba cha mama chenye marumaru, feni na choo cha ndani. Si mtu mbaya. Anampenda mama kweli. Tatizo lake ni kwamba anampenda mahali ambapo gari linafika.

Mama alishawahi kukaa kwenye chumba kile, wakati alipokuwa anatibiwa presha mjini. Alikaa pembeni ya kitanda akiwa amevaa viatu, kama mtu anayesubiri basi. Nilimuuliza kwa nini havui viatu. Akasema, "Hapa ni kwa mtu." Nikamwambia ni kwa mwanawe. Akasema ndiyo, anajua, mwanawe ndiye huyo mtu.

Alipopata nafuu tukafanya kikao. Mdogo wangu alitaka abaki Kihonda moja kwa moja. Mama alitaka migomba yake na pilipili manga zake. Mwishowe tukafikia makubaliano: maadamu mmoja wetu anapanda kila wiki kumpelekea dawa na kuhakikisha anazimeza, mama atakaa kwake. Wiki itakayopita bila mtu kupanda, mama anashuka.

"Nani atapanda kila wiki?" mdogo wangu aliuliza, akiangalia dari, kwa sababu jibu alidhani analijua.

"Mimi," nikasema.

Kwa hiyo pikipiki ile haikuwa chombo cha usafiri tu. Ilikuwa ndiyo inayomshikilia mama juu ya mlima.

Klachi yenyewe, kwa asiyejua, ni sahani nyembamba zilizopangwa pamoja na kubanwa na springi. Zikibanana, nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu. Ukivuta kile kishikio cha mkono wa kushoto zinaachiana, unabadilisha gia, unaachia, zinabanana tena. Katika pikipiki kama yangu sahani hizo zinaoga ndani ya oili ile ile ya injini. Kumbuka oili. Nitairudia.

Jumamosi moja kabla ya masika, nikiwa katikati ya Shuka, injini ilianza kupiga kelele kama mtu anayegombana, lakini pikipiki haikusogea. Niliongeza moto, kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua. Kukatoka harufu ya kitu kinachoungua, kitu cha bei. Kisha nikaanza kurudi nyuma polepole, kwa heshima zote, hadi kwenye mwembe wa jirani yetu, na hapo mimi na pikipiki tukalala ubavu. Jirani alitoka, akanitazama, akasema "Pole, mwalimu," akaingia ndani kumwita mkewe aje naye atazame.

Fundi wangu yuko mjini, chini ya kibanda cha mabati nyuma ya soko. Ni mtu wa maneno mengi. Aliifungua injini huku akiwahutubia wateja wengine kunihusu, kana kwamba mimi ni mfano.

"Hizi zimeungua," alisema, akinionyesha sahani zilizokuwa zimeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa. "Sababu ninaijua. Wanawake mnaning'inia kwenye klachi. Mkono hauachii. Mnaogopa."

"Naogopa nini?"

"Sijui. Kila mmoja na lake."

Nikaliona pembeni ya kibanda lile dumu la oili tuliloweka mara ya mwisho. Lilikuwa zawadi. Mdogo wangu aliniletea yeye mwenyewe, akaliweka mezani kwangu kama mahari. "Shikamoo dada. Nimekuletea oili ya maana, ile ya gari langu. Siyo hayo maji machafu mnayouziwa mitaani." Fundi naye siku ile alipolifungua alinusa, akafumba macho, akasema, "Hii ni oili ya mheshimiwa." Tukaimimina yote kwa furaha.

Sasa nikavaa miwani. Huo ndio utaalamu wangu pekee duniani: kusoma kilichoandikwa. Nyuma ya dumu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, iliandikwa kwamba oili hiyo ni ya magari tu, ina dawa ya kuongeza utelezi, na isitiwe kwenye pikipiki ambayo klachi yake inaoga ndani ya oili. Nikamsomea fundi kwa Kiswahili, kwa sauti, ili hadhira yake isikie.

Fundi hakutetereka hata kidogo. "Hayo ni maneno yao ya kujikinga, Madamu. Hata kwenye panado wameandika usiendeshe gari."

Hapo ukaanza mjadala wa spea, uliochukua muda mrefu kuliko kikao cha kumgawa ng'ombe. Niweke sahani za namna gani? Fundi alikuwa na imani moja. Pikipiki iwekewe klachi ya kwake. Hivyo ndivyo wanavyosema: *ya kwake*, yaani iliyotengenezwa na walioitengeneza pikipiki yenyewe. Nyingine zote ziko nje ya ukoo, na anaziita *siyo ya kwake*, kwa sauti ambayo mama zetu huitumia kuzungumzia mtoto aliyefanana na jirani.

Mimi, ambaye nimeshaandika makala zaidi ya moja kulalamikia maneno ya kukopa, nikajaribu kuchangia. "Kwa hiyo unashauri klachi halisi."

Kibanda kizima kilicheka.

"Halisi ni asali, Madamu," fundi alisema kwa huruma. "Spea ni orijino."

Basi, orijino. Dukani hapakuwa nayo, ilibidi iagizwe Dar, na fundi alikuwa na mtu wake huko. Kila nilipopiga simu aliniambia ipo njiani. Njia ya kutoka Dar hadi Morogoro naijua, si ndefu, lakini klachi ile nadhani ilikuwa inakuja kwa kutambaa. Nikamwuliza kama hatuwezi kuweka hizo nyingine kwa sasa.

"Madamu, pikipiki ni kama binadamu. Mtoe figo yake, mpe ya mwingine, mwili unakataa."

"Watu wanaishi na figo walizopewa na ndugu zao."

"Walizopewa na *ndugu*. Hii ni figo ya kuokotwa."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mama kwa bodaboda ya kukodi. Kufika pale chini, kijana akaweka mguu chini akasema lile neno. Nikashuka. Nikapanda Shuka kwa miguu, na dawa za mama mkononi, nikijisikia nimevuliwa cheo. Mama alikuwa ameketi ukumbini na alikuwa ameshaona yote.

"Imekufa?" aliuliza.

"Inaumwa."

"Mdogo wako akijua itakuwa imekufa."

Alijua. Jirani mwenye mwembe ana simu, na ana vocha kila wakati. Jumamosi iliyofuata tena kukanyesha, vijana wa bodaboda wakakataa kuingia huku kwetu, nikafika kwa mama jioni, nimelowa, nikiwa nimetembea kutoka barabara kubwa. Nilifika, lakini kesho yake simu ikalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Umetembea kwa miguu kutoka barabarani, na umri huo."

"Umri upi?"

"Dada, sitaki ubishi. Wewe utaanguka, na mama atakosa dawa, na mimi ndiye nitakayelaumiwa. Jumapili ijayo nakuja na gari. Mwambie mama apange vitu vyake. Na hiyo pikipiki uza, nimeshakupatia mtu."

Kilichoniudhi si kwamba aliamuru baada ya kusema shikamoo. Hilo nimelizoea. Kilichoniudhi ni kwamba alishampata hadi mnunuzi. Nikamwambia makubaliano yanasema wiki mtu asipopanda, na mimi nilipanda. Akasema, "Ulipanda kama mgonjwa." Nikamwambia makubaliano hayakutaja namna. Akakata simu, na mimi nikabaki nimeishika, nikibuni majibu mazuri zaidi hadi wakati wa kulala.

Kesho yake asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye maduka ya spea. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye ushungi wa rangi ya machungwa, anayezungumza huku akitafuna karanga. Akaniwekea maboksi mawili kwenye kaunta.

"Bahati yako mama, jana imeingia. Hii ya kwake." Akagonga la kwanza kwa ukucha. "Hii siyo ya kwake." Akalisogeza la pili pembeni, kama sahani ya mtu asiyealikwa.

Boksi la kwanza lilikuwa na nembo inayometameta ukilipindua, na neno la Kiingereza lenye maana ya orijino limepigwa chapa pande zote, hata kwenye kifuniko cha ndani. Nikavaa miwani. Pande zote lilikosewa. Lilikuwa na herufi moja pungufu, kwa uaminifu ule ule, kila mahali.

"Dada, hapa wamekosea kuandika."

"Mama, klachi haisomi."

"Wao hawajui kuandika jina lao?"

"Ukitaka ya kuandika nenda duka la vitabu." Akaongeza karanga mdomoni. "Wote wananunua hii."

Nikalichukua la pili. Lilikuwa na jina ambalo sijawahi kulisikia, limeandikwa sawasawa, na mchoro wa mtu anayeendesha pikipiki iliyobeba magunia. Halikusema ni la nani zaidi ya aliyelitengeneza. Lilisema ni la aina gani ya pikipiki, ni la mizigo na milima, na litiwe oili gani. Basi.

Nilisimama pale nikiwa na boksi kila mkono, na nakumbuka nilipandwa na hasira ambayo haikumhusu yule dada. Ilihusu wiki zote nilizosubiri kitu cha kwake, na watu wote walioniambia kwa uhakika kipi ni cha nani na nani anatakiwa kukaa wapi. Nilikuwa tayari kufanya kazi na kitu kisichokuwa cha kwake, mradi kisijifanye. Mwongo hata akiwa na nembo inayometameta ni mwongo, na mimi sikuwa na mpango wa kurudi nyuma hadi kwenye mwembe wa jirani kwa ajili ya nembo.

"Nipe hii," nikasema.

"Siyo ya kwake hiyo, nimeshakwambia. Usirudi."

"Nitarudi kununua oili."

Fundi alipoliona boksi alivua kofia. Alikataa, kwanza kwa mzaha, kisha kweli. "Mimi siweki jina langu hapo."

"Jina lako liko wapi kwenye pikipiki hii? Weka klachi."

"Ikikuangusha?"

"Nitasema niliiweka mwenyewe. Watu wataamini, si mnasema wanawake tunaning'inia?"

Akaiweka, akinung'unika, huku wasikilizaji wake wakifurahi. Alipofika kwenye springi akasimama tena. Akaomba basi angalau springi tubaki na zile ilizokuja nazo. Nikachukua springi moja ya zamani na moja mpya, nikazisimamisha juu ya boksi. Ya zamani ilikuwa imefupika, imechoka, kama mimi baada ya sherehe. Mpya ilikuwa nene na imesimama wima. Nikamwambia aweke mpya zote.

"Sawa. Sasa vuta klachi."

Nikavuta. Kishikio hakikuja. Nikavuta tena kwa meno. Kikaja nusu.

"Springi hizo ni za vijana wanaobeba magunia ya mkaa," fundi alisema, na sasa alikuwa na furaha ya kweli usoni. "Mkono wako huo ni wa kalamu, Madamu. Tena kalamu yenyewe unashikia wa kulia."

Nikaivuta hadi mwisho kwa mikono miwili na kumwambia ndivyo nitakavyoendesha. Nikaondoka kibandani kwa gia moja, kwa sababu kubadilisha sikuweza, na nikafika Kilakala kwa gia hiyo hiyo, nikipitwa na baiskeli.

Wiki ile niliufundisha mkono. Nilikamua nguo zote za ndani ya nyumba kwa mkono wa kushoto, zikiwemo zilizokuwa kavu. Nikaminya mpira wa mjukuu. Siku moja nikakuna nazi, na bila kufikiri nikaanza kulikamua tui kwa kushoto. Jirani yangu, bibi mmoja anayeingia jikoni kwangu kama kwake, alikuwa mlangoni.

"Astaghfirullah! Mkono wa kushoto kwenye tui?"

"Shikamoo bibi. Ni mazoezi ya klachi."

"Marahaba. Klachi ndiyo mboga gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akautazama mkono wangu, akalitazama lile tui. "Mungu akusaidie mwanangu ufike kwa mama yako," alisema. "Lakini leo sili kwako."

Jumamosi nikavua khanga Bigwa kama kawaida. Vijana walikuwa wameshapata habari, kwa sababu fundi ana mdomo. "Madamu, tumesikia umeweka klachi ya lori!" Sikuwapungia. Nilikuwa natunza mkono.

Nilifika chini ya Shuka nikaweka gia ya kwanza. Nikaachia polepole, nikasikia sahani zile zisizo za kwake zikikamata, na pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa sindano. Hakukuwa na kelele ya ugomvi wala harufu. Tulipanda. Jirani mwenye mwembe alikuwa nje na simu mkononi, na nadhani alisikitika.

Sitasema ilikuwa nzuri. Ilikuwa inaingia gia kwa kishindo, na ikisimama ilitoa mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga kwenye ubwabwa. Mpaka leo inatoa. Lakini ilinifikisha. Mama akameza dawa mbele yangu, nami nikalala pale nikimsubiri mjomba wa wanangu.

Jumapili, watu walipokuwa wanatoka misa, simu ikalia.

"Shikamoo dada." Sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Huku chini. Gari limegoma kupita. Kuna korongo."

"Lipo miaka yote."

"Dereva anakataa. Anasema si gari lake. Unaweza kuja?"

Nilishuka kumfuata. Alikuwa amesimama kando ya korongo, shati limenyooka, viatu vinang'aa, na pembeni yake begi jipya la magurudumu, kubwa, la buluu, la kuwekea nguo za mama. Dereva alijikunja ndani ya gari asitazame. Mdogo wangu aliangalia pikipiki, akaniangalia mimi.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Si ilikuwa mbovu?"

"Panda."

Tukapanda: mimi, yeye ambaye Kihonda inamlisha vizuri, na begi katikati yetu. Njia yote alikuwa akinishika mabega na kusema "polepole dada," kwa ile sauti aliyokuwa nayo mdogo, kabla hajawa mjomba wa mtu. Tulipofika chini ya Shuka nikasimama kuvuta pumzi. Akaanza kuinua mguu. Hata yeye, aliyeondoka kijijini akiwa kijana, mwili wake ulijua kinachofuata pale.

"Nishuke?"

"Kaa."

"Dada, mimi ni mzito."

"Nakuona. Kaa."

Nikavuta klachi kwa mkono wangu wa nguo mbichi. Nikaweka gia. Nilijua kabisa kwamba ikiteleza tutarudi nyuma sote watatu, yeye, mimi na begi, na jioni ile begi litajazwa nguo za mama, na mama atakaa tena pembeni ya kitanda akiwa na viatu miguuni. Nikaachia. Ikakamata. Gurudumu la mbele liliinuka kidogo, mdogo wangu akamtaja Bikira Maria, na klachi isiyo ya kwake ikatubeba hadi juu bila kulalamika. Mlio wa mchanga tu.

Sikumwambia habari ya oili yake. Anaisoma hapa kwa mara ya kwanza. Ahsante sana kwa zawadi, mdogo wangu.

Mama alikuwa uani, anatandaza pilipili manga juu ya mkeka. Mdogo wangu akamwamkia, akaketi, akanywa maji, akarudisha sauti yake ya mjomba. Akaeleza kuhusu feni. Akaeleza kuhusu hospitali iliyo karibu. Mama aliendelea kutandaza.

"Kwani dada yako wiki hii hajafika?" aliuliza.

"Amefika."

"Na wewe umefikaje?"

Mdogo wangu alitazama viatu vyake, vilivyokuwa na tope hadi kwenye kamba.

"Amenileta dada."

"Mpaka hapa? Hukushuka?"

"Sikushuka."

"Basi," mama akasema, na akageuza pilipili manga zake upande wa pili.

"Lakini mama, masika yakija..."

"Yakija tutayaona. Hayajaanza leo kuja." Kisha akaliona lile begi. Akalizunguka, akalifungua zipu, akaingiza mkono ndani hadi begani. "Begi zuri hili. Gumu." Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mkungu wa ndizi, na mwingine, na mfuko wa pilipili manga, na mananasi, na akalipakia mwenyewe mpaka zipu ikaomba msamaha. "Wapelekee watoto Kihonda. Begi utanirudishia siku ukija tena."

Tukaondoka alasiri. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba chai aliyotupa mama niliinywa kwa kikombe kilichokaa mezani, nimeinama kama ng'ombe, na bado najidai kwa hilo. Mdogo wangu alikaa nyuma, amelikumbatia begi. Tulipofika juu ya Shuka, pale mteremko unapoanza, nikasimama.

"Sasa shuka," nikamwambia.

"Kwa nini? Si tulipanda nimekaa?"

"Klachi ni nzuri. Breki ndizo bado za kwake."